Jini Aliyehamia kwa Dada Yangu

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, na aliyekubali kuupiga chapa ameniambia kurasa nyingine alizisoma akizigeuza huku na huku kwenye mwanga kama noti ya kushukiwa. Herufi zangu zimelala upande kwa sababu nilijifunza upya kuandika kwa mkono wa kushoto, na sababu ya kujifunza upya nitaieleza nikiifikia. Tahajia nayo ni ya darasa la nane, nilipoishia. Nyumbani tunasema Kisomali. Kiswahili nilikikuta shuleni na sokoni hapa Garissa. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Mkiona kosa, lirekebisheni kichwani mwenu muendelee.

Naandika kwa sababu kuongea kunanishinda. Mimi ni mtu wa kukaa karibu na mlango, na watu wakigeuka wote kunitazama, ulimi unakauka. Karatasi hainitazami.

Nina kifafa. Neno hilo nilianza kulitumia nikiwa na ndevu tayari. Kabla ya hapo nilikuwa na jini. Kila mtu katika bula yetu, yaani mtaa wetu, alijua nina jini, na mimi nilijua kuliko wote. Nilipoanguka darasani mara ya kwanza, wanafunzi walikimbia, wengine kupitia dirishani, kwa sababu kila mtoto wa kwetu anajua kwamba povu la mtu anayeanguka likikugusa, jini wake anakuhamia. Nilipozinduka nilikuwa peke yangu kati ya madawati yaliyopinduka. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

"Umemaliza?" aliniuliza kutoka pale. Kama vile nilikuwa nakula.

Baada ya hapo nilikaa dawati la nyuma peke yangu mpaka mtihani wa mwisho. Shule ya upili ya bweni ilisema haiwezi kubeba jukumu. Baba hakubisha. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kuitwa.

Mama yangu ni mtu wa Eldas, na huko kwao walinipeleka nichomwe. Wazee husema ugonjwa na moto havikai nyumba moja. Mganga alipasha msumari mrefu kwenye makaa ya mgunga, abti wangu, ndugu wa mama, akanishika miguu. Nataka hili lieleweke: sikuburutwa. Nilivua kofia mwenyewe, nikalala mwenyewe. Niliamini kwamba jini ataondoka kupitia utosini na moshi, na nilipolia niliona aibu kwa sababu nilidhani kilio kinamfurahisha. Makovu yako hadi leo, mawili kwenye paji na moja katikati ya kichwa ambapo nywele hazioti. Nilirudi Garissa nikaanguka kabla jeraha halijakauka. Abti akasema msumari haukuwa umepata moto wa kutosha.

Sheikh alinisomea Qurani pia, na hilo siliweki katika malalamiko yangu. Qurani ilinituliza moyo na haikuniachia kovu.

Sasa niseme juu ya mzee wa visima. Jina lake silitaji, wala la mtu mwingine yeyote. Alikuwa mtu wa kutoka Kenya, ndivyo sisi wa huku tunavyosema tukimaanisha Nairobi na milimani, kana kwamba Garissa ni nchi nyingine. Alikuwa na karakana ya kutengeneza pampu za visima vya mashine, na aliitwa hadi Wajir na Elwak pampu zikifa. Kidoleni alivaa pete yenye alama mbili: bikari, kama ile ya hesabu tuliyotumia shuleni, na ile pembe ya chuma ambayo mafundi hupimia kona za ukuta. Kwa sababu ya pete hiyo mji mzima ulijua kwamba ni Frimasoni.

Walisema anapata maji pale ambapo wengine wanachimba vumbi kwa kuwa majini wanamwonyesha. Walisema hana mke kwa sababu alimtoa kafara. Kijana wa kibanda cha chai aliapa wallahi kwamba gari lake halitumii mafuta. Nilipoanza kazi pale, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulitia mafuta gari hilo. Nikamwambia yule kijana.

"Hayo ni ya kukuhadaa wewe," alisema. "Usiku anayamwaga."

Wazazi wangu walikubali niende kwa Frimasoni kwa sababu hakuna mwingine aliyenitaka. Muuza duka hataki mtu atakayeanguka juu ya unga wake. Mama alinifunga hirizi ya ngozi juu ya kiwiko, akaniambia nisile chochote chake wala nisimpe nywele zangu. Nilifagia, niliosha vipuri kwa dizeli, nilikula chakula changu mwenyewe nyuma ya tangi. Nywele zangu nikizikuta zimedondoka kwenye kola nilizichukua nikaenda nazo nyumbani.

Kisha nikaanguka mbele yake.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu, chini ya kichwa kuna koti. Mabomba yaliyokuwa karibu yalikuwa yamesogezwa. Mzee alikuwa ameketi chini, sakafuni, na suruali yake ya kazi, ananipangusa mdomo kwa kitambaa chake. Nilitaka kumwambia asiguse. Hakuna mtu aliyewahi kugusa povu langu isipokuwa mama, naye alifanya hivyo akisoma dua kwa haraka.

"Hii imekuanza lini?" aliuliza.

"Ni jini, mzee."

"Umejuaje?"

"Kila mtu anajua."

"Sijauliza kila mtu. Nimekuuliza wewe. Umemwona?"

"Jini haonekani."

"Basi umejuaje?"

Nilikasirika. Nilikasirika siku nzima. Ilikuwa kama mtu amenikuta na kitu mfukoni ambacho nimekibeba miaka yote na kuniuliza kilitoka wapi, nami nikagundua kuwa niliwekewa tu. Jioni nilimwambia anipe mfano wa kitu anachokijua na alivyokijua. Alichukua timazi, kile kipande cha risasi kinachoning'inia kwenye uzi, akakishusha kando ya ukuta wa karakana. Ukuta ulikuwa umeinama. Nilikuwa nimefagia chini yake muda wote huo nikiamini umesimama wima.

"Mimi mwenyewe niliujenga," alisema. "Niliapa umenyooka. Ukuta hauulizwi, na fundi haulizwi. Unaning'iniza uzi, unaangalia."

Akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa kwetu, aliyefunga mtandio kama dada wa mtu yeyote, na aliniuliza maswali kwa Kisomali ambayo hakuna mganga aliyewahi kuniuliza: kama niligongwa kichwani nikiwa mdogo, kama kuna wengine wa ukoo wanaoanguka, kama nahisi harufu au woga kabla ya kuanguka. Nilihisi, kila mara, harufu ya nywele zinazoungua. Nilidhani ni jini anayeingia. Alisema ni ubongo unaoanza kutikisika. Alinipa vidonge vidogo vyeupe na kunionya nisiviache ghafla hata nikijiona nimepona, kwa sababu kuanguka kunaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Nikaacha kuanguka. Sina namna nyingine ya kusema. Mvua ilikuja ikaisha, nikawa sijaanguka. Nilianza kuvuka barabara kuu peke yangu. Nilishuka hadi mtoni Tana nikasimama karibu na maji, mahali mama alipokuwa amenikataza tangu utotoni, nikatazama punda wakipakiwa mitungi.

Nilimuuliza mzee wazi siku moja tukinywa chai, kwa sababu wakati huo nilikuwa nakunywa chai yake.

"Mzee, nyinyi mnakunywa damu?"

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Tunakunywa chai kama hii, na wengine pombe. Chakula ni kuku mkavu ambaye mpishi hajawahi kumhurumia. Tunakutana Nairobi, wanaume wengi wao wenye mvi, tunavaa aproni kama mafundi wa mawe wa zamani, tunasema maneno tuliyokariri, na kila mara kuna mmoja anayeyasahau. Tunachangia karo za watoto wasio na baba. Halafu tunarudi nyumbani magoti yanauma."

"Na shetani?"

"Mtu asiyemwamini Mungu hafunguliwi mlango. Hilo ndilo swali la kwanza."

"Sasa mbona mnaficha?"

Alizungusha pete yake. "Kuna mambo machache niliyoahidi kutosema."

"Mambo gani?"

"Ukiyasikia utasinzia. Lakini ahadi ni ahadi."

Juu ya meza yake kulikuwa na mawe mawili. Moja lilikuwa na makali kama lilivyotoka machimboni, la pili limechongwa pande zote. Alisema katika chama chao la kwanza ni mtu alivyozaliwa na la pili ni mtu aliyejifanyia kazi. Nikamuuliza yeye ni lipi. Akaweka kidole katikati ya mawe hayo, kwenye ubao mtupu wa meza. "Niko njiani hapa," alisema, "na nimezeeka."

Sikujiunga nao. Yeye hakuniomba, na alisema mtu haombwi, huomba mwenyewe. Mimi ni Mwislamu, ninaswali, na najua masheikh wengi wanakikataa chama hicho. Siwabishii. Nilichokichukua kwake ni lile swali na ule uzi. Nilianza kuning'iniza uzi kila mahali. Bundi akilia juu ya paa mtu atakufa? Nikaangalia: akalia, hakufa mtu. Mwanamke mwenye jicho baya ndiye aliyekausha maziwa ya mbuzi wetu? Nikaangalia: mbuzi wa mwanamke huyo nao walikuwa wamekauka, kwa sababu ya ukame. Nilidhani nikifika mwisho wa kazi hiyo nitakuwa mtu mwenye furaha. Nilikuwa mtu mpweke zaidi, kwa sababu kila kitu nilichokitoa kichwani kilikuwa kitu nilichokuwa nacho pamoja na mama.

Kisha dada yangu mdogo akaanguka duksi, akisoma ubao wake mbele ya mwalimu wa Qurani.

Dada yangu ndiye mtu pekee aliyewahi kunitania juu ya jini. Akitaka kunituma dukani alisema, "Nenda wewe, mko wawili, mtabeba." Wengine waliponihurumia au kunikimbia, yeye alinicheka usoni, na mimi nilimpenda kwa hilo. Sasa walimleta nyumbani akiwa amejikojolea, ana mchanga mdomoni, na hakuwa na utani wowote. Aliniangalia tu.

Nilijua ni nini. Yule daktari aliniuliza kuhusu ukoo. Nilimwambia mama siku hiyo hiyo kwamba tumpeleke hospitali, apewe vidonge vyake kulingana na uzito wake. Mama alisema tungoje abti aje.

Abti alikuja kutoka Eldas na lori la mbuzi. Baba ni dalali wa soko la mifugo na anajua kupima mnyama kwa kumshika mgongoni, lakini mambo ya majini aliwaachia watu wa mama. Tulikaa uani chini ya turubai: baba, mama, abti, na mimi karibu na mlango. Dada yangu alikuwa ndani anasikia.

"Jini hafi," abti alisema. "Ukimfukuza nyumba hii anaingia ya jirani. Huyu kijana alifukuziwa jini wake na Frimasoni. Akaenda wapi? Arabuni? Hana pasipoti. Ameingia mlango wa karibu."

Baba alicheka kidogo kwa sababu ya pasipoti, kisha akaacha.

"Abti," nilisema, "umejuaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alinigeukia polepole. "Warya, umefundishwa kuuliza wakubwa?"

"Nauliza tu umejuaje."

"Nimejua kwa sababu wewe umesimama na yeye ameanguka. Unataka nini kingine, kipaza sauti?"

Mama ndiye aliyelisema jambo lenyewe. Hakulisema mbele yao. Alinifuata jikoni, akanishika mkono pale penye hirizi. "Acha vidonge, mwanangu. Amekuzoea wewe. Wewe ni mwanamume, umemvumilia miaka yote. Atarudi kwako amwache mtoto. Yeye ni msichana, nani atamwoa akianguka?"

Nimeyaandika maneno hayo na nimekaa muda mrefu bila kuendelea. Mama hanichukii. Kama angeweza kumbeba jini huyo yeye mwenyewe, angembeba. Lakini alipima watoto wawili kama baba anavyopima mbuzi sokoni, akaona ni yupi anayeweza kupotea.

Nilimweleza mzee. Alinikataza kabisa kuacha dawa, akasema atakuja kuzungumza na baba. Nilifurahi. Niliamini mtu mwenye akili akikaa na baba, na wote wakinywa chai, jambo litaisha. Alikuja amevaa shati safi na pete yake. Nilikuwa nimetamani kumwambia aivue, aibu ikanishinda.

Baba alimkaribisha vizuri. Alizungumza naye kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mzee, wewe nasaidia mtoto yangu, mimi nashukuru. Lakini sasa mimi nauliza, usikasirike. Wewe ni Frimasoni?"

"Ndiyo," alisema mzee.

Abti, aliyekuwa akitia sukari, alirudisha kijiko mezani. Mama aliingia ndani na kumfunika dada yangu shuka hadi kichwani, mchana ule wa joto. Mzee aliendelea kueleza, kwa upole, juu ya ubongo, juu ya dawa, juu ya Mungu, lakini alikuwa anaeleza peke yake. Baba alimsindikiza hadi langoni kwa heshima yote na hakumshika mkono.

Mpaka leo nina kinyongo naye kwa neno hilo moja. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema mimi ni fundi wa pampu, hayo mengine ni porojo. Na kama chama chake hakina kitu cha kutisha ndani, kwa nini kinafunga mlango ili wajinga waujaze kwa hofu zao? Alinifundisha kuuliza umejuaje, lakini nilipomuuliza yeye alinijibu ahadi. Nilimwambia hivyo. Alikubali kwamba lina uzito. Alisema pia kwamba mtu anayedanganya ili aaminiwe hana cha kufundisha. Huenda ana haki. Dada yangu alikuwa anaanguka, na mwenye haki alikuwa amerudi karakanani.

Basi nikaning'iniza uzi mimi mwenyewe. Nilimwambia baba mbele ya abti: nitaacha vidonge. Nikianguka mimi na dada akaacha kuanguka, abti amesema kweli, na nitaishi na jini wangu mpaka nife. Lakini nikianguka mimi na yeye akaendelea kuanguka, basi si jini mmoja anayehama, ni ugonjwa, na dada ataenda hospitali. Baba alifikiri, akasema ni biashara ya haki. Abti akasema na iwe. Hiyo ndiyo mara ya pekee nimewahi kuongea mbele ya wanaume na kusikilizwa.

Mzee sikumwambia. Daktari nilikumbuka alichonionya. Nilikuwa na hakika ya jibu, na niliona ni bei ninayoweza kulipa.

Nilianguka mchana, mama akiwa amekwenda kununua maziwa ya ngamia. Nilikuwa nachochea jiko la makaa ili nipashe chai ya baba. Nilisikia harufu ya nywele zinazoungua na nikawa na wakati wa kufikiri, hiyo imekuja, na hakukuwa na wakati wa kusogea. Dada yangu ndiye aliyenitoa. Alinivuta kwa miguu, mtoto mdogo vile, akipiga kelele. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala ndani ya jiko, na kwa muda gani hakuna anayejua. Vidole viwili hospitali iliviondoa. Vitatu vimejikunja na havishiki kalamu. Ndiyo maana ya herufi hizi mnazoziona.

Nikiwa nimelala nyumbani na bandeji, dada yangu alianguka. Alianguka mlangoni, kwenye mwanga, mbele ya baba na abti, wamekaa wote wawili wanatazama. Mimi pia nilitazama. Namwomba Mungu anisamehe, kwa sababu katikati ya huruma nilihisi ushindi. Mkono ulikuwa unaniwaka na nikafikiri: sasa wameona. Uzi umening'inia. Ukuta umeinama na hakuna anayeweza kusema haujainama.

Nilingoja baba aseme.

Baba alimwangalia abti. Abti alipitisha tasbihi vidoleni. Hakuwa na hasira wala hila. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kwa uaminifu.

"Basi," alisema, "jini amezaa."

Walimpeleka dada yangu Eldas Jumapili iliyofuata.

Mzee alikuja kuniona na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa na hasira. "Nilikufundisha kuuliza," alisema. "Sikukufundisha kujichoma."

"Kwetu jibu linaaminika likiwa na kovu," nilimwambia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akatazama bandeji.

Mjini walisema Frimasoni amechukua kafara yake: mkono wa kulia. Kijana wa kibanda cha chai alisema alijua tangu mwanzo, kwa sababu ya mafuta. Watu wakaacha kumletea pampu zao, hata wale waliokuwa wakinywa maji ya visima vyake, na mwishowe akafunga karakana akarudi kwao. Aliniachia lile jiwe lenye makali. Lililochongwa alilichukua, au alimpa mwingine, sijui. Mama hakuruhusu liingie ndani ya nyumba. Liko nje ya ua, na mbuzi hujikuna nalo.

Nimerudia vidonge, na sianguki tena. Nimejifunza kuandika upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Hirizi bado nimeivaa. Ni mama aliyeifunga, na nikiifungua atadhani nimefungua kitu kingine.

Dada yangu alirudi na kichwa kilichofungwa mtandio. Makovu yake yako mahali pale pale penye yangu, kwa sababu mganga ni yule yule. Bado anaanguka. Hajarudishwa duksi wala shuleni. Juzi alinikuta nikimeza kidonge changu akaketi kando yangu.

"Kina ladha gani?"

"Kichungu."

"Kuliko msumari?"

"Hapana."

"Nipe nusu basi. Nina nusu ya jini wako."

Alikuwa anatania. Ni mara yake ya kwanza tangu aanze kuanguka, na sikuweza kucheka. Sikumpa, kwa sababu kipimo changu si kipimo cha mtoto, na kwa sababu akidhurika kwa mkono wangu mlango utafungwa kabisa. Nilimwambia angoje kidogo. Nimekuwa namwambia hivyo.

Lakini mama alikuwa amesimama uani na alisikia. Baadaye, akipepeta mchele, bila kuniangalia, alisema: "Kama ingekuwa ugonjwa tu, wangekuwepo wengine. Mama kama mimi, Mwislamu, wa kwetu, mtoto wake anameza vidonge na hakuna Frimasoni aliyemgusa."

"Wapo, hooyo. Wengi sana. Garissa hii hii, Wajir, hata kule Hagadera, kambini kwa wakimbizi."

"Umejuaje?" alisema mama.

Aliliuliza vizuri kabisa, kama mzee. Watu hao wanafichwa. Sijawahi kumwona hata mmoja. Kila nyumba inamfungia wake ndani na kusema ana homa. Daktari anawajua lakini hawezi kuwataja.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi. Kama unaanguka, au mtoto wako anaanguka, na ulipelekwa hospitali ukapata nafuu, niandikie kupitia huyu aliyechapa maneno haya. Usiweke jina. Andika kwa Kisomali, kwa Kiborana, kwa Kiswahili kibovu kuliko hiki changu. Sema tu ni mtoto wa kike au wa kiume, alikuwa anaangukaje, na sasa yuko vipi. Mama wa mtoto akiniandikia itakuwa bora zaidi, au akimwambia mtu amwandikie. Mama yangu hajui kusoma. Nitamsomea mimi, kwa sauti, akipepeta mchele, na dada yangu atakuwa anasikiliza mlangoni.